Madoa ya Msimu

Oktoba jezi zilirudi safi mno,
na mimi, Eneida wa chumba cha kufulia,
nikajua tumefungwa kabla ya kuuliza.
Asiyegusa udongo hakukimbia.

Mechi saba, vipigo saba.
Barahona nzima ikatucheka hadi buchani:
"Pelikano gani hawa, wasioona samaki?"

Kisha Novemba ikaja suruali ya Radhamés Féliz,
nyekundu kuanzia nyonga hadi gotini,
udongo umepenya mpaka kwenye mshono.
Nikaisugua kwa ndimu na chumvi, nacheka peke yangu:
huyu kaiba kituo cha pili, huyu!

Tangu hapo mashine haikulala.
Nyasi. Damu ya kiwiko. Mate ya tumbaku.
Na jezi ya Osiris, mrushaji,
aliyeapa sabuni isiiguse maadamu anashinda.
Wiki tano niliitundika dirishani,
hata nzi waliizunguka kwa adabu.

Usiku wa fainali sikuwa jukwaani.
Taulo hazijui fainali.
Awamu ya tisa, wawili wametoka,
gongo likalia,
nikalisikia ukutani kwanza,
redioni baadaye.

Alfajiri wakamwaga furushi mlangoni:
shampeni, matope, rangi ya midomo kwenye kola.
Gwaride saa nne, walisema, zing'ae.

Osiris alikuja wa mwisho,
kaibeba yake kwa mikono miwili.
"Sasa unaweza, mama."

Maji ya kwanza yalitoka meusi.
Ya pili pia.
Ya tatu sikuyamwaga upesi.