Mita Mia Mbili

Hakimu alisema mita mia mbili,
akagonga muhuri, akaita kesi ya mbuzi.

Mimi ni fundi. Futikamba yangu inaishia sentimita mia na hamsini,
na tarakimu za mwanzo zimefutwa na jasho la vidole.
Usiku ule Nyachwo kashika ncha, mimi nakokota,
tukapima kuanzia kizingitini:
tukapita choo, tukapita pampu ya maji,
tukapita mihogo ya mama mkwe,
futikamba mara mia na thelathini na tatu
na kipande.
Kipande kikaangukia
mlangoni kwa Owora,
kaka yake, mdhamini wake,
aliyeweka sahihi kwamba atamlaza kwake.

Basi analala pale. Sheria hajaivunja.
Asubuhi anapiga mswaki kasimama mpakani,
povu anatemea huku.

Karatasi inasema asinisogelee, asinipigie simu,
asitume mtu. Pesa haikuzitaja.
Jumanne simu ilitetemeka: umepokea shilingi mia tano,
na kwenye nafasi ya sababu: mlango.
Alhamisi mia tano tena: nimeona taa.
Jumapili: gauni la kijani.
Nikaipeleka simu kituoni. Konstebo akasoma,
akasoma tena,
akaniuliza, Mama, si anatunza watoto?

Elfu moja na mia tano. Nilinunua uzi.

Siku hizi maji nachota bondeni,
maana pampu iko machoni pake.
Yeye alipewa umbali;
miguu inayoutembea ni yangu.

Fundi yeyote huacha inchi ya mshono.
Kitambaa huvutika, mwili hunenepa,
mteja huficha ukweli wa kiuno chake.
Hakimu alikata juu ya chaki.

Vumbi la saruji la Tororo linatua kwenye sare za shule,
napangusa, nashona, linatua.
Ile karatasi nimeifungia ndani ya bitana ya gomesi,
kwapa la kushoto,
juu ya ubavu uliounga kombo.
Nikiinua mkono, inakwaruza.

Kesi ni tarehe kumi na nne.
Jana Nyachwo, akikunja futikamba kidoleni:
Mama, akikimbia, ni hatua ngapi?

Nikamwambia sijui, lala.

Najua. Suruali zake zote
nimeshona mimi.