Ndiyo Hizi Tu?

Ati "ndiyo hizi tu?"
Umeshuka tuktuk, hata nauli hujalipa,
umeinua kidevu ukazitazama Pembe
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
"Bati," ukasema. "Zimesifiwa bure."

Ni bati, Kiprono. Nani alikuficha?
Nipo hapa tangu enzi za filamu,
picha thelathini na sita, kila moja na hesabu yake.
Nimezigonga kwa kucha, zalia kama sufuria.
Ndani tupu. Kunguru wanajua,
mafundi wa rangi wanajua,
mvua za masika zikipita wanapanda ngazi upya.
Hakuna ndovu aliyedanganywa.

Juzi ulikwenda Ngomeni, ukarudi na yayo hayo:
kuta kuukuu, jua kali, watu wengi.
Watu wengi!
Na wewe ulikuwa nani pale mlangoni,
na kofia yako mpya na chupa ya maji?
Aliyekuwa nyuma yako alikuhesabu pia,
akaguna.

Sasa wanivuta kando, wanong'ona
nikupeleke Mombasa isiyojulikana, ile ya kweli.
Naijua.
Ni ua wa Bi Rukiya, kule Kibokoni,
saa hizi amekalia mbuzi, akuna nazi kichwa wazi,
amgombeza mjukuu kwa ajili ya kiatu kimoja.
Hajakualika.
Kweli unayoitafuta ina mwenyewe,
na mlango wake una komeo kwa ndani.

Pembe hizi ndizo zilizokubali.
Zimekubali kutazamwa na kila ajaye,
aliyeoga na asiyeoga,
mwenye kamera ya bei na mwenye macho tu.
Kisima kitekwacho na wengi hakioti kuvu.
Na wewe wataka unywe peke yako,
ndipo useme maji ni matamu?

Nimewapiga hapa watoto wa shule kutoka Mutomo,
sweta hadi shingoni, saa saba za mchana,
mwalimu akiwapanga kwa urefu huku lori zikipiga honi.
Hakuna aliyetaka kuvua sweta.
Nimempiga bwana harusi wa Busia,
viatu vya kuazima, vimejazwa gazeti.
Kuna mzee alisimama peke yake, akaniambia,
"Sogeza kamera. Acha nafasi hapa kulia."
Nikaacha.
Sikuuliza, nikampunguzia bei.

Najua, picha zote zafanana.
Mke wangu hunicheka: miaka yote hii
umepiga picha moja.
Lakini kadi ya kliniki nayo yafanana na nyingine,
na mama hakosi kuitambua ya mwanawe.

Sikiza, nikwambie, kisha nenda zako.
Mwaka jana alikuja mama kutoka Makueni,
jina lake Mbithe, miguu imevimba kwa safari.
Katoa kwenye mkoba picha iliyofubaa,
mhuri wangu nyuma, wino wa zambarau.
Msichana mwenye gauni la vitone,
amembeba mtoto anayelia.
Huyo mtoto, akasema, ndiye amenitumia nauli.
Yuko mbali, kazini, kwenye baridi.
Ameniambia nipigwe nyingine, pale pale,
aone kama bado nipo.

Hakuuliza kama ni bati.
Hakuziangalia hata juu.
Aliangalia chini, kwenye lami,
akapiga hatua moja, akarudi nusu,
magari yakimpita huku na huku,
kisha akanigeukia, ameshika ile picha kifuani:
"Mwanangu, hebu nikumbushe,
nilisimama upande gani?"