Safu Niliyoongeza

Orodha ililetwa saa nne, ndani ya bahasha ya kaki,
chai yangu ikiwa bado ya moto.
Majina arobaini na moja. "Chapa," alisema Bwana Semboja,
"nakala tatu. Malori yanafika Jumamosi, kabla ya adhana ya alfajiri."
Hakuniangalia. Alikuwa anatafuta kizibo cha kalamu.

Nimekuwa karani Handeni miaka kumi na tisa.
Nimechapa vibali vya mbao, mialiko ya Mwenge,
barua za onyo, bei ya mbolea.
Majina hukaa kwenye karatasi kama mkonge wa Korogwe:
mistari imenyooka, na kila ncha ina mwiba.
Ukipita haraka huchomwi.

Namba saba nikasimama.
Mkomwa, Maryamu. Miaka 63. Alikozaliwa: mto Juba.
Huyu huniuzia bamia kila gulio.
Siku ya kwanza aliniomba mazi.
Hakusema maji. Mazi,
nami, Mzigua wa Kwamsisi, nikamtazama
kama mtu aliyeniita kwa jina la utotoni.
Bibi yangu alipokuwa akikata roho alilisema neno hilo,
na mimi, mjukuu msomi, nikauliza: anataka nini?

Njaa ndiyo iliyowachukua wazee wa wazee wake.
Walipandishwa chomboni kwa ahadi ya pishi la mtama,
wakashushwa ugenini, bei ikiwa shingoni.
Karne moja na ushei wakaitunza lugha
kama kaa la moto kwenye kigae.
Bunduki zilipoanza kule, wakarudi,
nasi tukawapa hema, namba,
na swali: nyinyi ni wa wapi?

Sasa karatasi inasema: warejeshwe kwao.
Kwao. Nililichapa, nikalifuta, nikalichapa.
Herufi nne. Halimtoshi hata mtu mmoja kulalia.

Sikufanya ushujaa. Nina mkopo wa bati, nina mtoto sekondari.
Nilifungua kabati la kijani, lile lenye mlango uliopinda,
nikatoa majalada, moja moja, vumbi likinikaa kooni,
kisha nikaongeza safu.
Mbele ya kila jina, kwa herufi zile zile ndogo:
Rufaa haijasikilizwa.
Rufaa haijasikilizwa.
Namba ishirini na mbili, mtoto wa miezi minane:
Hana jalada. Kazaliwa hapa, zahanati ya Mkata.
Hadi jina la mwisho, kidole cha shahada kikafa ganzi.
Hakuna uongo humo. Kanuni yenyewe inasema
asiyesikilizwa haondolewi;
nimeikuta kabati lile lile, chini ya kopo la gundi.

"Nani kakutuma uongeze?"
Nafasi ilikuwepo, bosi. Karatasi ilikuwa pana.

Hakusaini. Hakuichana pia.
Aliiwekea jiwe juu, feni isije ikaipeperusha,
akaenda kula.

Leo Ijumaa. Jiwe bado liko pale.
Nimenunua bamia nisizozihitaji.
Maryamu kaniongezea fungu, kauliza
kama fula itanyesha kesho.
Nikamwambia sijui.
Nikamwambia: jalada lako ni mia moja na kumi na nane.
Usiisahau namba hiyo, hata ukiamshwa usiku.
Akairudia polepole, kwa lugha ya bibi yangu,
mara tatu,
akinitazama mdomo, kama anayesubiri
niitikie.