Kizingiti

Tusekile hakunisalimu kabla hajaitazama kamba.
"Umeipiga fundo?"
Nikasema ndiyo.
"Ifungue. Izungushe tu kwenye kigingi,
ncha ishike mkononi. Maji yakishuka,
mtumbwi uliofungwa hubaki unaning'inia
kama mbuzi wa sikukuu."

Nilikuwa nimetoka Igawa alfajiri,
baridi ya Juni ikiteremka nami kutoka milima ya Chimala.
Mzigo: cherehani, kichwa na miguu yake ya chuma,
godoro, ndoo mbili za nguo,
gunia la vitambaa vya wateja
ambao hawajui bado kwamba nimehama.
Daraja lilikwenda na mvua za Aprili.
Na hata lingekuwepo, darajani kuna macho.

Akalisukuma lango la nyuma kwa mgongo,
visigino vikitafuta matofali yaliyopachikwa ardhini.
Likajifunga kwa sauti ile ile
niliyoisikia usiku mwingi, akirudi.
Kisha kimya. Kuta za zege, ukungu, konokono.

"Na la mbele?"
"La mbele halifunguki la nyuma likiwa wazi.
Ukilazimisha, maji yote ya Igawa
yatapita juu ya kichwa chako,
na mpunga wa watu utalala."
Alisema hivyo akipaka grisi,
kama mtu anayetaja bei ya dagaa.

"Sogea mbele. Mbele zaidi.
Nyuma yako, chini ya maji, kuna kizingiti.
Hukioni sasa. Tezi ikikikalia,
omo itazama, na wewe, na hicho kiti chako."
"Cherehani."
"Na hiyo."

Akazungusha usukani robo, akangoja.
Robo tena.
Mwenye haraka wa mwisho, alisema,
aliniachia kabati lisilo na milango.

Nikaachia kamba shibiri kwa shibiri.
Ilinichoma kiganja; nikaishika, nikaiachia.
Mbingu ikapanda. Yangeyange
aliyekuwa usawa wa bega langu
sasa alinitazama kwa juu, kama wifi.
Na kweli, ukutani nyuma kikachomoza:
kizingiti cheusi, kimevaa majani,
hatua moja tu kutoka kwenye tezi.

Miaka tisa nilielea juu ya kitu kama hicho
nikidhani ni kina.

Maji yalipolingana, lango la mbele
lilifunguka kwa kiganja kimoja.
Mashamba. Watoto wakigonga makopo
kufukuza kweleakwelea.
Jua limeanza kukausha godoro upande mmoja.

Ndipo nikakumbuka.
"Pasi!"
"Ya mkaa?"
"Ya mkaa. Iko chini ya kitanda."

Tusekile akalitazama lango la nyuma,
akautazama usukani, akapiga hesabu
ya maji ya nani, na leo zamu ya nani.
"Ubaruku zinauzwa," akasema,
akausukuma mtumbwi wangu kwa mguu.