Saruji

Naandika muhtasari wa vikao vya manispaa, Ibra,
mwaka wa kumi na tisa huu.
Kazi yangu ni kusikia yote na kuandika kidogo.

Ajenda ya nne: nyumba kuukuu.
Wenzake walitaka maegesho, magari mia na sitini.
Rayya binti Muhenna akasimama bila karatasi.
Akatoa ufunguo wa chuma, mrefu kama mkono wa mtoto,
akaulaza juu ya ramani ya mkandarasi.
"Nionyesheni mlango wake uko wapi hapa."
Mmoja akacheka. Sikuandika kwamba alicheka.

Akazitaja nyumba kwa majina ya wanawake:
ya Shinuna, yenye dirisha la kutazamia falaji;
ya Zamzam, walimozaliwa watoto kumi na mmoja;
ya yule aliyesahaulika jina, ila tanuri lake jeusi bado.
Akauliza na mafundi cherehani wa Kibangali,
wanaolala wanane wanane chini ya dari za mitende,
watahamia wapi.
Mwenyekiti akasema hilo si la ajenda.
Hilo niliandika.

Kura sita kwa tano. Nyumba saba zibaki.
"Zikarabatiwe," akasema, "kwa saruji."

Hapo ndipo mkono wangu.
Nimezaliwa Ng'ambo, Unguja,
na kwa mama saruji ilikuwa mfuko wa kijivu, kilo hamsini.
Nikaandika simenti.
Sikujua kwamba huku saruji ni udongo wa bondeni
uliochomwa siku saba kwa magogo ya mitende,
ukapondwa, ukalowekwa, ukakandwa kwa miguu;
kwamba neno liliondoka hapa likiwa udongo
likarejea kinywani mwangu likiwa simenti.

Mkandarasi alisoma nilichoandika.
Nyumba ya Shinuna ikavikwa simenti hadi kooni.
Udongo hupumua. Simenti haijui.
Mvua ya Aprili, usiku mmoja,
ukuta ukapiga magoti.

Nilimwendea asubuhi, muhtasari kwapani,
nimejiandaa kwa Kiarabu cha hasira.
Akanijibu Kiswahili, tena cha Bujumbura,
miaka yote sikuwahi kujua anacho:
"Basi zimebaki sita. Kesho njoo na nguo za kuchafuka."

Nikaja. Udongo ulinifika magotini,
baridi, unavuta, unanuka moshi na mavi ya mbuzi.
Yeye alishika koleo, akilaani goti lake bovu.

Uchaguzi ukamtupa nje kwa kura thelathini na moja.
Watu walimwita mheshimiwa wa magofu,
na nyumba ya Zamzam sasa ni mkahawa,
kikombe riali mbili.
Mafundi cherehani sijui walikwenda wapi.

Kikao chake cha mwisho, kwenye masahihisho,
karani haruhusiwi kusema. Nilisema:
ukurasa wa nne, mstari wa tisa,
palipoandikwa simenti
someni saruji.