Saa Tisa Kasoro Robo

Ewald haamki. Ewald huibuka,
kama mtu aliyetapikwa na maji,
na shuka anakuja nayo mkononi
kana kwamba ndiyo kamba aliyovutiwa.
Saa tisa kasoro robo. Kila mara.
Naweza kuirekebisha saa ya jikoni kwa mayowe yake.

Mwanzo nilidhani ni chakula,
zile soseji za damu anazokula usiku
amesimama mbele ya jokofu, mlango wazi.
Nikazificha soseji.
Jinamizi halikujali njaa wala shibe.
Likaja vilevile, na buti zake,
likamkalia kifuani, akaweweseka
kwa lugha ya shimoni,
ile ambayo mke hafundishwi.

Miaka kumi na tisa tangu mgodi ufungwe.
Mnara wa lifti wameugeuza mkahawa,
maharusi wa Bytom wanapigia picha pale,
naye kila usiku anashuka zamu.
Hakuna anayemlipa.

Nimejifunza mambo madogo.
Usimtikise. Usimwite kwa nguvu,
jina lake hulisikia kama king'ora.
Weka kiganja juu ya goti, uzito wa kiganja tu,
kisha useme jambo la mchana:
"Kesho Jumanne. Wanachukua taka za karatasi."
Ndipo pumzi zinarudi, moja moja,
kama kuku wanaoingia bandani.
Nawasha taa ya ngazini, si ya chumbani.
Hatuzungumzi.
Tramu ya kwanza ikipita, tunajua tumevuka.

Nesi wa kliniki, Otylia, msichana wa kucha za buluu,
akampa daftari. Akasema: iandike ndoto,
halafu badilisha kitu kimoja. Chochote.
Uisome mchana, kila siku, kama mtoto anayekariri.
Ewald alinuna hadi kituo cha basi.
"Nimdanganye Hubert?
Amelala chini ya mawe, mimi nimbunie mlango?"

Siku nane daftari lilikaa chini ya redio.
Siku ya tisa nikalikuta wazi,
mwandiko wa mtu aliyezoea chaki na ubavu wa behewa:
*Maji yanapanda. Taa ya Hubert inazimika.*
Na chini yake, kwa kalamu nyingine:
*Hubert ana chupa ya chai. Chai ni moto.*
Basi. Mlango hakuujenga.
Kati ya vitu vyote duniani, akampa chai.

Usiku ule aliibuka. Na uliofuata. Na mwezi mzima.
Kisha asubuhi moja, akipaka siagi, akaniuliza
Hubert alikuwa anaweka sukari ngapi.
Sikujua. Nikampigia Lucyna, mjane wake.
Kimya kwenye simu, kirefu,
hadi nikajuta kuuliza.
Halafu akacheka, akasema: "Nne, yule mwizi. Nne!"
Ewald akaandika: *nne*.

Jana nilifumbua macho mwenyewe.
Saa tisa kasoro robo ikafika, ikapita.
Saa tisa. Saa tisa na dakika kumi.
Anakoroma, mdomo wazi,
shuka imelala mahali pake.
Mimi ndiye sikupata lepe,
kiganja tayari, na goti halikihitaji.
"Kesho Jumatano," nikajinong'oneza.
"Wanachukua chupa."