Kiatu Namba Thelathini na Mbili

Mimi ni karani. Kazi yangu ni kuita majina
mlangoni, Temeke, kwa sauti isiyopanda wala kushuka.
Miaka kumi na saba nimeita majina mawili mawili
ya watu waliolala kitanda kimoja
wakaja kwa bodaboda mbili.

Leo Jaji Nakijwa Mshana anastaafu.
Kuna keki, kuna soda, kuna hotuba za wakubwa
wanaotamka "busara" mara nyingi mno.
Hakuna aliyeutaja ukuta wa Yombo.

Alikuwa hakimu bado, kijana, kalamu kali.
Akaandika: nyumba igawanywe nusu kwa nusu.
Hukumu safi, rufaa isingeigusa.
Miezi mitatu baadaye tukaenda kukagua,
tukakuta wameitii mpaka nukta ya mwisho:
tofali za inchi sita zimepita katikati ya sebule,
zimelipanda dirisha, zimelikata,
taa upande wa baba, swichi upande wa mama.
Na binti wa miaka tisa, juu ya ndoo,
anampitishia kaka yake daftari la hesabu
pale ukuta ulipokuwa haujafika dari.
"Shikamooni," alisema.
Garini Mheshimiwa hakunena hadi Tazara.
Kisha: "Nimegawa vizuri. Nimegawa vizuri sana."

Baada ya hapo akaomba meza ya duara.
Fungu halikuwepo.
Akanunua yake, ya mninga, kwa mafundi wa Keko,
akaketi bila joho, akavua na saa.
Wenye orodha zao — friji, kiwanja cha Chanika,
bajaji moja, seti ya masufuria —
alizipokea, akazikunja, akaziwekea glasi ya maji juu.
"Tutafika huko. Kwanza niambieni,
mtoto anavaa kiatu namba ngapi?"

Namkumbuka Likwata, mchomeleaji wa Mbagala, na mkewe Somoe.
Somoe akawahi: "Thelathini na moja."
Likwata akaitazama mikono yake yenye madoa ya cheche.
"Thelathini na mbili. Tangu Idi. Nilimnunulia mimi."
Feni ikazunguka, ikazunguka.
"Kumbe ndiyo maana," akasema Somoe,
"halalamiki tena vidole."

Hawakurudiana, usidhani.
Ndoa ilikuwa imevunjika kiasi cha kutorekebishika,
kama sheria isemavyo, na muhuri niliugonga mimi.
Ila walitoka wakiulizana
nani atampeleka kwa daktari wa meno Jumanne.

Walimsema. Shehe mmoja na mchungaji mmoja,
siku hiyo tu wakikubaliana,
walisema anaipaka talaka asali.
Akajibu: "Mimi siui ndoa. Naletewa imeshakata roho.
Kazi yangu ni mazishi,
na maiti haiburuzwi mbele ya watoto wake."
Lakini aliyeingia na jicho lililovimba
hakuambiwa habari za meza ya duara.
Huyo alisikilizwa peke yake, mlango umefungwa,
na joho lilivaliwa.

Sasa keki imekwisha. Anakusanya miwani, mwavuli,
chupa ya chai yenye kifuniko kisicho chake.
"Karani, meza ni yangu, lakini ibaki."
Anashuka ngazi polepole, goti lile la kushoto.

Nami nimebaki na daftari la kesi, na simu.
Mwanangu anaoa mwezi ujao.
Mama yake na mimi hatukufika mahakamani:
tuliachana barabarani, Tandika,
majirani mashahidi, sahani zikiruka,
na yeye mlangoni, miaka minne, mguu mmoja peku.
Namba ya mama yake sikuihifadhi popote.
Naijua kwa moyo.

Inaita.

"Samahani kukusumbua. Ni mimi.
Nataka kumnunulia kijana viatu vya harusi."
Upande wa pili redio inapunguzwa sauti.
"Sijui," nasema, "anavaa namba ngapi."